Sijawahi Kumpima Mtu wa Kati

Ushonaji wa Suti na Marekebisho ya Kila Namna,
Nyuma ya Posta.
Jumatano, asubuhi.

Kwa Meneja wa Mauzo,
Ukumbi wa Magari Mapya,
Mkabala na Benki.

Ndugu Meneja, pamoja na wote mnaovaa tai chini ya uongozi wako,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MATOLEO MATATU YA GARI MOJA LA MBIO, NA OMBI LA TOLEO LA NNE

Kichwa cha barua kinajitosheleza, lakini wafanyakazi wako wamenifundisha kwamba hapo kwenu jambo lililo wazi halieleweki mpaka lirudiwe mara tatu. Basi nitalirudia.

Mimi ni fundi wa suti za kiume. Huu ni mwaka wangu wa ishirini na mbili katika kazi hii, na barua za malalamiko nazijua vizuri kwa sababu nimepokea nyingi. Nimezihifadhi katika kopo la vifungo. Hii ni ya kwanza kuiandika mwenyewe, kwa hiyo kama kuna mahali nimekosa adabu, chukulia kwamba nimejifunza kwa wateja.

Jumamosi hii binti yangu wa pekee anaolewa. Ndoa yenyewe sina neno nayo. Mchumba wake ni dereva wa kreni, mtu mtulivu, bega la kulia limeshuka kidogo kwa kuvuta vyuma kutwa, ila hilo linarekebishika kwa pamba. Binti yangu aliniomba jambo moja tu. Hakuniomba gauni, gauni amelishonesha kwa fundi mwingine, na katika familia wote wamemsamehe isipokuwa mimi. Aliniomba suti ya bwana harusi iwe mikononi mwa mwenyewe siku ya Alhamisi, yaani kesho, kabla ya saa sita mchana. Akanishika mkono akaniambia, baba, ahadi zako wape watu wote, mimi nipe suti. Maneno yale yaliniingia, sikufichi.

Nikakaa nikafikiri ni kwa nini kazi zangu huchelewa. Mtaani wananiita Fundi Kesho, na mke wangu amelizoea jina hilo kiasi kwamba ananiita hivyo mbele ya wateja, tena bila hata kucheka. Nikaichunguza kazi yangu yote, tangu kitambaa kinapoingia hadi suti inapotundikwa, nikagundua kwamba tatizo ni barabara. Suti ikikamilika lazima imfikie mwenyewe, na mimi sina usafiri. Kosa limepatikana, dawa ikapatikana: gari la mbio, la kutumia kila siku. Akiba ipo. Ni ile niliyokuwa nikiiweka ya kupanua duka, na mtu mwenye gari kama lile duka kubwa la nini?

Kitambaa cha suti ya mkwe kipo, wala usiwe na wasiwasi. Ni sufu ya kijivu, nzuri sana. Kwa sasa kinapumzika. Mtu asiyejua kazi anaweza kudhani kimesahauliwa, kumbe sufu ikitoka dukani inataka kupumzika kabla ya kukatwa, na hii imepumzika wiki ya tano.

Gari nilipolitia machoni nililipenda. Ndipo muuzaji wenu, yule mrefu, akaniambia kwamba gari hilo moja lina matoleo matatu: la kawaida, la kati na la mashindano. Kwa nje ni mwili ule ule na taa zile zile. Tofauti iko kwenye viti, springi, injini, na vitu walivyoviondoa ili bei ipande. Akasema kwa matumizi ya kila siku watu wengi huchukua la kati. Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia, na nitayapanga kwa namba ili msiseme hamkuyaona.

1. Kuhusu neno "kati". Ndugu Meneja, mtu wa kati hayupo. Nimepima walimu, mawakili, wauza nyama, mapacha wawili waliozidiana mkono mmoja, na mzee aliyeapa kwamba kiuno chake ni kile kile cha kwenye picha ya ujana. Sijawahi kumpima mtu wa kati. Mtu huwa mwembamba huku na mnene kule, na tumbo huja na kwenda kwa ratiba yake. Nguo iliyokatwa kwa ajili ya mtu wa kati humkaa vibaya kila anayeivaa, hata kama amejitahidi. Nikamuuliza muuzaji wenu huyo mtu wa kati aliyepimiwa gari ni nani na anapatikana wapi, nikamshike mkono. Akacheka. Mimi sikuwa nafanya mzaha.

2. Kuhusu vipimo. Kwa kuwa sikujibiwa, nilirudi siku ya pili na futi yangu, pini na chaki, nikalipima gari kama ninavyompima mteja yeyote anayejiheshimu. Nilichukua kifua, mabega, kiuno, na urefu wa mguu kutoka mlangoni hadi chini, ambao ni mfupi kuliko wa mtoto wa darasa la pili. Mlango wa kushoto unaweza kupunguzwa kidole kimoja, nikaweka alama ya chaki. Kiti cha dereva kimelegea ubavuni, nikakikaza kwa pini. Mlinzi akaitwa. Akanipokonya chaki mbele ya watu, jambo ambalo halijanipata tangu nilipokuwa mwanafunzi. Chaki inafutika, Ndugu Meneja, hiyo ndiyo kazi yake. Kuhusu pini nitasema ukweli: niliweka tatu, nikatoa mbili. Ya tatu sikupewa nafasi. Nasikia meneja wa benki alikuja kulijaribu gari hilo hilo alasiri, na akashuka upesi kuliko watu wanavyoshuka kwenye magari ya chini namna ile. Namwomba radhi, ila lawama ni za mlinzi.

3. Kuhusu toleo la kawaida. Hili muuzaji alilisifia kwamba lina buti kubwa kuliko wenzake. Hilo buti nimeliona. Ni buti la kuwekea suti iliyokunjwa, na suti iliyokunjwa si suti tena, ni mzigo wa kufulia. Koti halikunjwi. Kola ya koti nimeifanyia kazi kwa sindano ya mkono saa mbili ili ilale vizuri, halafu niibane chini ya gurudumu la akiba?

Kwa sababu hiyo nilipoahidiwa kulijaribu barabarani nilikuja na sanamu yangu ya kupimia nguo, imevaa koti la mfano, nione kama suti inaweza kusafiri imekaa. Sanamu haikunji kiuno, kwa hiyo haikuingia nyuma. Nikaiweka kiti cha mbele, nikaifunga mkanda, mimi nikajikunja kwenye kile kiti cha nyuma ambacho nyinyi mnakiita kiti, na muuzaji wenu akaendesha. Kwenye makutano tukasimamishwa na askari wa barabarani. Akatazama ndani, akauliza kwa nini abiria wa mbele hana kichwa. Nikamjibu kwa heshima kwamba bado tuko hatua ya mabega. Tuliwekwa pembeni kwa muda wa kutosha kushona mfuko mmoja wa ndani. Askari aliridhika, hata akaniuliza kama nashona sare. Lakini koti lilikuwa limejikunja mgongoni, na kwa toleo la kawaida nikafunga faili.

4. Kuhusu toleo la kati, ambalo nimekwisha kulipinga kwa jina na sasa nalipinga kwa mwili. Hili lina viti vya ngozi vinavyopata joto kwa kubonyeza kitufe. Nilipoambiwa hivyo moyo wangu ulipiga, maana nilielewa mara moja kwamba kiwanda chenu kimetengeneza pasi ya kukalia. Nikatandika suruali ya mteja kwenye kiti, nikaipanga mistari, nikakaa juu yake, nikawasha joto hadi mwisho. Tulizunguka mji mara mbili. Matokeo ni suruali yenye mistari minne kwa kila mguu, na mimi mwenyewe sikuweza kuketi sawasawa mpaka siku ya tatu. Hicho kitufe kina alama moja, mbili, tatu. Moja ni nini? Pasi yoyote ya maana imeandikwa pamba, sufu, hariri. Mtu anayeweka namba tu kwenye joto hajawahi kuunguza nguo ya mtu akajua uchungu wake.

Toleo hilo lina pia kitufe cha kuongeza mngurumo wa bomba la moshi. Niliuliza kama kinaongeza mwendo. Nikaambiwa hapana, kinaongeza mngurumo tu. Hapo nimewaelewa, maana hata mimi nina wateja wanaotaka vifungo vinne kwenye mkono wa koti na hakuna hata kimoja kinachofungua.

5. Kuhusu toleo la mashindano. Nakiri kwamba hili karibu linishike. Viti vya nyuma vimeondolewa, na mahali pake kuna chuma kinene kilichokatiza kutoka upande hadi upande. Muuzaji wenu akasema ni cha kumkinga dereva gari likipinduka. Labda. Mimi niliona kitu cha kutundikia nguo. Nilijaribu, zinaenea henga kumi na moja bila koti kugusana na koti. Nilisimama pale nikatoa machozi kidogo, na sioni haya kulisema.

Tatizo ni springi. Toleo hili halina springi, lina msimamo. Likipita juu ya jiwe dogo, jiwe linakusimulia maisha yake yote. Na mimi nilikuwa nimepanga kufanya kazi za mkono nikiwa kwenye foleni, kwa sababu mtu mwenye kazi nyingi hapotezi muda kwenye taa nyekundu. Nikakaa kiti cha abiria na koti la mteja mapajani, nikaanza kufunga bitana ya mkono wa kushoto. Kufika mzunguko wa hospitali nilikuwa nimemaliza, mshono mdogo mdogo, safi kabisa. Tulipofika kwenu sikuweza kushuka. Nilikuwa nimeushona mkono wa koti pamoja na mkanda wa gari.

Ndugu Meneja, najua mna malalamiko yenu kuhusu mkanda ule. Muuzaji wenu alitaka tukate mshono. Nikamweleza kwamba mshono kama ule haukatwi, watu wanasafiri mbali kuutafuta. Kilichoweza kukatwa ni mkanda, na mkasi nilikuwa nao. Koti lilipona.

6. Kuhusu urefu wa gari kutoka ardhini, matoleo yote matatu. Mke wangu alikubali kuja mara moja. Aliingia vizuri. Kutoka ndiko kulikokuwa na mambo, na ilibidi tusaidiane mimi, muuzaji mrefu, dada wa mapokezi, na bwana mmoja aliyekuja kununua betri tu. Tulipofika dukani kwangu akaniambia kwamba yeye haingii tena kwenye gari linalomtaka alale kwanza ndipo akae. Pia sketi yake ilichanika mpasuo hadi mahali ambapo sitapataja kwenye barua ya kikazi. Niliishona mwenyewe, tena siku ile ile, kwa hiyo watu wasiseme kwamba mimi sina uwezo wa kumaliza kitu siku ile ile. Ni suala la nani amesimama juu yako.

7. Kuhusu mwendo, ambao ndio sababu ya mimi kuja kwenu. Hapa nawaomba mtoe karatasi na kalamu. Toleo la kawaida linatoka sifuri na kufika mia kwa sekunde sita. La kati, sekunde tano. La mashindano, nne. Muuzaji wenu akasema mjini tofauti hiyo mtu haioni. Yeye haioni kwa sababu hashoni. Nikisimama na kuondoka mara mia kwa siku, toleo la mashindano linaniokolea sekunde mia mbili kila siku kuliko la kawaida. Zidisha kwa siku za mwaka mzima, nami sipumziki, unapata saa ishirini na dakika chache. Suti moja kamili inanichukua saa ishirini.

Umeona? Toleo la mashindano linashona suti moja kwa mwaka. La kati linaokoa nusu ya muda huo, maana yake linashona suruali peke yake, na bwana harusi hawezi kwenda kuoa na suruali peke yake. La kawaida halishoni hata kifungo. Nilimwonyesha muuzaji wenu hesabu hii mara mbili. Akaenda kunywa maji, hakurudi.

8. Kuhusu uongo. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na hapa nitasema kwa ukali kidogo.

Baada ya majaribio hayo niliandika kwamba nimeamua, nachukua la mashindano, mniwekee mkanda mpya na springi za kawaida. Nikaambiwa njoo Jumatano. Nikaja Jumatano, ile ya wiki iliyopita. Nikaambiwa mwenye funguo ametoka kidogo, njoo kesho. Nikaja kesho yake. Nikaambiwa gari lipo, lipo tayari kabisa, limebaki kung'arishwa tu. Siku iliyofuata umeme ulikuwa umekatika. Siku iliyofuata tena mtaalamu wa springi alikuwa amefiwa na shangazi, na Jumatatu aliyefiwa alikuwa yule yule na shangazi ni mwingine.

Ndugu Meneja, uongo huu naujua. Ni wa kwetu. "Limebaki kung'arishwa tu" ni "imebaki kupigwa pasi tu" iliyovalishwa tai. Mwenye funguo aliyetoka kidogo ni fundi wa vifungo aliyetoka kidogo, na yeye mimi ndiye niliyemzua, miaka kumi na tatu iliyopita, nikampa hata mke. Shangazi nilimzika mara sita. Mambo haya fundi huyapata kwa taabu, huyarithi kwa fundi aliyemfundisha, kisha nyinyi watu wa magari mnayachukua bure na kunitumia mimi mwenyewe, ana kwa ana. Nani amewapa? Ahadi ni deni, na nyani haoni kundule. Mtu mzima mwenye ukumbi wa vioo na viyoyozi anawezaje kumtazama mteja usoni, anajua mteja ana harusi, akamwambia aje kesho? Sikulala vizuri siku ile. Nilijiuliza moyo wa mtu wa namna hiyo ukoje.

9. Kuhusu muuzaji mrefu, kwa ufupi. Mpasuo wa nyuma wa koti lake bado umefungwa na ule uzi mweupe wa msalaba. Uzi ule huwekwa na fundi ili koti lisiharibike dukani, na mvaaji huutoa siku ya kwanza. Yeye ameuacha, na kwa macho yangu sasa ni mwezi wa pili. Nilitaka kuukata tulipokuwa kwenye foleni, akadhani namchokoza. Mtu asiyeweza kukamilisha koti alilokwisha kulivaa atanishaurije kuhusu matumizi ya kila siku?

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo, na nadhani mtayaona ni madogo:

(a) Mnitengenezee toleo la nne, Toleo la Fundi. Liwe na chuma cha kutundikia cha toleo la mashindano, springi za toleo la kawaida, na viti vya joto vya toleo la kati ila vimeandikwa pamba, sufu, hariri. Juu ya usukani pawe na mto mdogo wa pini, na pembeni ya taa pawe na mahali pa kupitishia uzi.

(b) Lifike kwangu kesho, Alhamisi, kabla ya saa tatu asubuhi, ili suti imfikie mkwe wangu kabla ya saa sita.

(c) Lisipofika, mniandikie barua yenye muhuri, iliyoelekezwa kwa binti yangu, ikieleza kwamba kuchelewa kwa suti kumesababishwa na kampuni yenu na kwamba baba yake alifanya kila lililo ndani ya uwezo wake. Maneno hayo ya mwisho yawekwe kama yalivyo. Mkitaka nitawaandalia mfano wa barua, ninao.

(d) Barua hiyo isipomridhisha, harusi ifanyike hapo ukumbini kwenu kati ya magari, bwana harusi akae ndani ya toleo la mashindano kuanzia mwanzo hadi mwisho. Lile gari ni la chini na madirisha yake ni madogo. Mtu akikaa humo huonekana kichwa tu, na kichwa cha mkwe wangu hakihitaji kushonwa. Watoa zawadi watapita dirishani.

Nadhani mtakubali kwamba ombi (a) ndilo rahisi zaidi kwa pande zote. Nasubiri jibu lenu leo hii kabla hamjafunga.

Mpe salamu mlinzi na umwambie chaki ile ilikuwa ya bluu, naihitaji. Msalimie dada wa mapokezi aliyenipa maji siku ya kiti cha joto, Mungu amzidishie. Meneja wa benki mpelekeeni pole yangu. Muuzaji mrefu naye msalimieni, na mmoja wenu mwenye huruma amshike bega, amgeuze, amkatie ule uzi.

Ni mimi, mteja wenu ninayezidi kukosa subira,

Fundi wa Suti,
maarufu kwa jina ambalo sitalitia sahihi.

Nyongeza:

Nilipomaliza kuandika nilimpa binti yangu barua hii aipitie kabla haijatoka, kwa sababu alikuwa amekuja kuulizia suti na nilitaka aone ninavyopigania jambo lake. Aliisoma kurasa zote amesimama. Nilingoja agombe. Angegomba ningemjibu, majibu ninayo. Alipofika mwisho alizipanga karatasi vizuri, akanirudishia, akasema, baba, anakaa juu.

Ni kweli, Ndugu Meneja. Mkwe wangu anakaa ghorofa ya kwanza, juu ya duka langu. Walijuana hapo kwenye ngazi. Kutoka meza yangu ya kukatia hadi mlangoni kwake ni ngazi kumi na saba, na katika matoleo yenu yote hakuna linaloweza kuzipanda.

Nimekaa nikijaribu kumkumbuka mteja mwingine yeyote niliyewahi kumpelekea suti kwake. Sikumpata. Wote huzifuata wenyewe, wengine mara nne, wengine mara tano. Ndani ya miaka ishirini na miwili hakuna suti yangu hata moja iliyochelewa barabarani. Zilichelewa hapa mezani, nami nimekaa pembeni yake nazungumza. Na kile kitambaa hakipumziki. Sijakigusa, niliogopa. Mteja mwingine nikimkosea hukasirika akaenda zake, huyu nikimkosea nitabaki naye.

Binti yangu amekitandaza kitambaa mezani, amekilainisha kwa viganja, amenichongea chaki, na ameketi kwenye kiti cha wateja. Bado ameketi hapo ninapoandika mistari hii. Sasa ni saa nne na nusu. Hadi kesho saa sita zimebaki saa ishirini na tano na nusu, na suti inataka ishirini.

Barua naituma ilivyo, maana kuiandika upya ni saa nzima na saa hiyo sina. Gari muuzieni mwingine. Na tafadhali sana, msinijibu kabla ya Jumapili. Nina kazi.